Mtumishi wa Mbali na Jibu la Mkubwa Wake: Uchambuzi kutoka Ngara na Biharamulo

Swali la namna mkuu awezavyo kuwaongoza watu asiowaona kwa macho limezungumzwa sana tangu mwaka 2020, mwaka ambao maradhi ya Korona yaliwarudisha nyumbani mamilioni ya makarani na wahandisi wa miji mikubwa ya dunia, hata wengi wakadhani kwamba swali lenyewe lilizaliwa siku zile na kwamba halimhusu ila mtu akaaye mbele ya kompyuta. Dhana hiyo si sahihi. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo upande wa kusini wa Mkoa wa Kagera, kazi ya umma haijapata kufanywa kwa njia nyingine ghairi ya hiyo: mganga wa zahanati, mwalimu mkuu, afisa ugani, mtendaji wa kijiji na katekista wa kigango, wote ni watumishi ambao mkubwa wao yuko baidi nao, na ambao hupitisha majuma, pengine miezi, bila ya kuonana na yule mwenye kuipima kazi yao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, na aghalabu yao, waumwapo au wapelekapo mtoto shuleni, huhudumiwa na mtumishi wa namna hii. Nataka kulichambua swali hili mahali ambapo lina umri mrefu na uzito wa maisha ya watu, na nitaitaja mapema imani yangu: kwamba mkubwa wa watumishi wa mbali apimwe kwa kile kinachorudi kwa mtumishi baada ya kutoa taarifa, wala si kwa wingi wa taarifa zinazoifikia meza yake.

Umbali wenyewe una sura mbili. Ya kwanza ni ya ardhi. Makao makuu ya mkoa yako Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na mtu atokaye Rusumo, mpakani mwa Rwanda, au Kabanga, mpakani mwa Burundi, huihesabu safari ya kwenda huko kuwa ni ya kutwa nzima; wizara ziko Dodoma, mbali zaidi ya hapo. Ndani ya wilaya kuna milima ya Ngara, ambayo hukifanya kijiji kinachoonekana kwa macho kiwe safari ya saa kadhaa kwa miguu, na kuna misitu ya Biharamulo, ambamo kwa miaka mingi mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Sura ya pili ni ya ofisi. Mwalimu wa kijijini anayedai nauli ya likizo, au anayeomba uhamisho ili amfuate mumewe, huandika barua ambayo sharti ipite kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu wa wilaya, ndipo imfikie mkurugenzi wa halmashauri. Na kila meza katika hizo ina uwezo wa kuizuia barua ile bila ya kutamka neno la kukataa. Kwa maoni yangu umbali huu wa pili ndio ulio mzito zaidi, kwa kuwa wa kwanza umekwisha kupunguzwa sana na lami na simu, ilhali huu wa pili haupungui ila kwa azma ya mwenye meza.

Tabia hii ya ofisi ina nasaba. Emin Pasha alikianzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890, na tangu mwaka 1906 Bukoba, pamoja na Rwanda na Urundi, ilitawaliwa kwa mpango wa ukazi, yaani maafisa wachache wa Kijerumani walikaa juu ya wafalme wa kienyeji na kuwaachia hao kuwatawala watu wao. Boma walilolijenga Biharamulo limesimama hadi leo. Waingereza wakaendeleza mambo kwa sura hiyo hiyo, hasa baada ya gavana Donald Cameron kuja mwaka 1925 na utawala wake wa kupitia kwa machifu. Watawala wale waliutatua umbali kwa kutaka mambo machache: kodi ifike, na ghasia zisiwepo. Maadamu hayo mawili yalitimia, chifu hakuulizwa mengi, wala naye hakutarajia kusaidiwa mengi. Ofisi ya juu ikazoea kuwa mahali pa kupokelea, na mazoea ya namna hiyo hayafi kwa kushushwa bendera.

Njia ya kwanza imjiayo mkubwa mwenye wasiwasi juu ya watumishi asiowaona ni kuongeza jicho. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania iliingiza mpango uliojulikana kama OPRAS, na kwa Kiswahili Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao uliwataka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati, na wayapime mwishoni. Muradi wake ulikuwa mwema kabisa, kwani ulikusudia kuziondoa zile ripoti za siri ambazo mtu aliandikiwa bila ya kujua kilichosemwa juu yake. Walakini katika vituo vingi fomu ile ikawa ni ya kujazwa mwisho wa mwaka, kwa haraka, kwa sababu ya kupanda daraja, na mazungumzo ambayo ndiyo yaliyokuwa roho yake hayakufanyika. Katika mwaka wa fedha 2023/24 ukaja mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huzithibitisha kwa njia ya mtandao. Kwa karani wa Bukoba mjini huo ni wepesi. Kwa mwalimu wa kijiji ambacho ishara ya simu haipatikani ila kileleni mwa kilima, ni kazi nyingine iliyoongezwa juu ya kazi. Hata hivyo siulaumu mfumo kwa sababu hiyo, maana minara ya simu huongezeka. Ninachouliza ni hiki: mwalimu yule akiandika humo kwamba darasa la pili lina wanafunzi wengi kuliko madawati, ni nani aliyewajibika kumjibu, na kwa muda gani?

Ushahidi ulio bora niujuao juu ya jicho la mbali unatoka Rajasthan, nchini India. Huko, kuanzia mwaka 2003, wachumi Esther Duflo na Rema Hanna, wakishirikiana na shirika la Seva Mandir, waliwapa walimu wa shule za mwalimu mmoja kamera yenye kuonyesha tarehe na saa, ili mwalimu apigwe picha pamoja na wanafunzi asubuhi na jioni, na mshahara ukalipwa kwa hesabu ya siku zilizothibitika. Utoro ukashuka kutoka asilimia 42 hadi 21. Mtu akiishia hapo atasema kwamba kamera ndiyo dawa. Lakini Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee na Rachel Glennerster, walifanya jaribio la karibu na hilo kwa wauguzi wa serikali katika wilaya ya Udaipur. Miezi ya mwanzo wauguzi walihudhuria zaidi, na baada ya miezi 16 tofauti ilikuwa imetoweka kabisa, kwa kuwa wakubwa wa idara walizidi kuwaandikia ruhusa za kutokuwapo kazini, na adhabu iliyoahidiwa haikupata nguvu. Vyombo vyote viwili vilikuwa vya kuthibitisha mahudhurio, na watumishi walikuwa wa jimbo moja. Kilichotofautiana ni kwamba katika shule zile mkubwa alilitimiza neno lake kila mwezi, na katika zahanati zile hakulitimiza. Mimi naona humo hoja kubwa: usimamizi wa mbali ni mkataba wa pande mbili, na upande wa juu ukiuvunja, hata mashine ikiwa na ukali namna gani haiushiki upande wa chini.

Njia iliyo kinyume cha hiyo ni kumwachia mtumishi akili yake. Mwaka 1960 Mmarekani Herbert Kaufman alichapisha kitabu juu ya walinzi wa misitu ya serikali ya nchi yake, watu waliokaa peke yao mbali na makao makuu, wenye vishawishi vya kila namna vya kuwapendelea jirani zao, na ambao hata hivyo walitenda karibu kila mahali kama wakuu wao walivyotaka. Kaufman aliona kwamba siri haikuwa katika ukaguzi peke yake, ijapokuwa ukaguzi ulikuwapo na shajara za kila siku ziliandikwa. Mlinzi alichaguliwa kwa uangalifu, akafundishwa mpaka makusudio ya idara yakawa makusudio yake, kisha akaachiwa uwanja. Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni wa fedha. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilianza kuzipeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti ya zahanati na kituo cha afya, badala ya kuzikalisha halmashauri, kama vile tangu kuanza kwa elimu bila ada mwaka 2016 ruzuku ilivyopelekwa moja kwa moja mashuleni. Mganga mfawidhi, pamoja na kamati ya kituo yenye wanakijiji ndani yake, sasa huweza kukubaliana kununua dawa iliyokosekana Bohari ya Dawa kwa kupitia mshitiri wa mkoa, yaani mfanyabiashara aliyeteuliwa kuuza dawa hizo, au kutengeneza paa linalovuja, bila ya kwenda wilayani kuomba idhini kwa kila msumari. Huo ni uongozi wa mbali uliofanywa kwa kutoa mamlaka, na hesabu yake ikaachwa wazi ili mkubwa aikague wakati wowote.

Uhuru huo, lakini, hautoshi wenyewe, maana mtumishi aliyeachiwa kila kitu na akasahauliwa huwa ni yatima wa ofisi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na utafiti umelithibitisha jambo hilo hata katika makampuni ya matajiri: Nicholas Bloom na wenzake walipowaangalia kwa miezi tisa, tangu mwisho wa mwaka 2010, wafanyakazi wa simu wa kampuni ya Ctrip ya Shanghai waliokubaliwa kufanya kazi majumbani, walikuta kazi yao imezidi kwa asilimia 13, na papo hapo walikuta kwamba, ukilinganisha kazi kwa kazi, wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa uchache kuliko wa ofisini. Baada ya jaribio nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi, na upweke ukiwa miongoni mwa sababu zao. Mwalimu kijana aliyepangiwa Murusagamba, kusini kabisa mwa Ngara, hana ofisi ya kurudia. Hana ila uhamisho, na akiukosa kwa miaka mwili wake hubaki kituoni na moyo wake ukaondoka. Kwa hiyo mambo ambayo katika vitabu vya uongozi huitwa madogo, malimbikizo ya mshahara, daraja lililocheleweshwa, nyumba ya kuishi, ruhusa ya kwenda kuzika, kwa mtumishi wa mbali ndiyo dalili yake ya pekee kwamba mkubwa yupo. Afisa utumishi anayelifuatilia faili la mtu aliye Murusagamba kwa bidii ile ile anayolifuatilia la mtu aliyesimama mlangoni kwake amekwisha kutenda nusu ya kazi ya uongozi.

Na sasa nifike katika jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mas'ala yote, nalo ni kupanda kwa ukweli. Mtumishi wa mbali ndiye jicho la kwanza la taifa, na taifa huona kwa kadiri anavyothubutu kusema. Mwaka 2023 Kagera ilipatwa na maradhi ya Marburg kwa mara ya kwanza, katika Wilaya ya Bukoba. Wagonjwa 9 walihesabiwa, na 6 wakafa. Kisha yakaja tena Biharamulo. Mgonjwa wa kwanza ajulikanaye aliugua mwezi wa Disemba 2024. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuwa na maradhi hayo. Wizara ya Afya ikasema kwamba vipimo vilivyofanywa havikuwa vimeyaonyesha. Na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba sampuli moja imethibitika. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi, na hesabu ilikuwa ya watu 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kwa dalili na kwa uhusiano wao na wagonjwa, na wote 10 walikufa.

Simtuhumu mtu yeyote kwa siku zilizopita baina ya mgonjwa wa kwanza na tangazo. Homa, kutapika na kuharisha ni dalili ambazo zahanati ya kijijini huziona kila juma katika malaria na kipindupindu, na maradhi ya nadra hayajitaji jina. Lakini tukio hilo latuonyesha kwa uchungu ni lipi hasa tunalomtaka mtumishi wa mbali atende: atoke katika desturi, ayaamini mashaka yake, ampigie mkubwa wake usiku, aseme kwamba jambo hili silifahamu. Mtu hatendi hivyo ila ikiwa simu zake zilizotangulia zilipokewa kwa staha. Aliyekwisha kuambiwa mara moja kwamba anazua hofu, au aliyeandika mara nyingi kuwa glavu zimekwisha asijibiwe na mtu, amekwisha kufundishwa kunyamaza, na somo hilo hakulipata katika semina, amelipata kwa mkubwa wake. Uwezo wa kiongozi siku ya hatari hutengenezwa katika siku za glavu.

Kuna pia hatari nyingine, ya mkubwa kusikia mengi lakini kwa kinywa kimoja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo mahali pale, ikawa kwa siku chache kama mji mkubwa. Hakuna mtu wa Geneva wala wa Dar es Salaam aliyeweza kuamua kutoka huko maji yavutwe wapi na vyoo vichimbwe upande gani. Waliokuwapo waliamua, wakatoa habari kwa redio ya upepo na simu za satelaiti, na katika hilo walistahili sifa. Ila chakula na hesabu ya watu vilipitishwa mwanzoni kwa viongozi wa zamani wa komuni za Rwanda, kwa kuwa ndio waliojulikana na kutiiwa, na hao walizidisha idadi na kuitumia posho ya chakula kuwatawala watu, wengine wao wakiwa wamehusika na mauaji ya kimbari waliyoyaacha nyuma. Aliyekuwa mbali aliletewa hesabu iliyopangika vizuri. Yaliyo nyuma ya hesabu aliyajua yule tu aliyetembea baina ya mahema na kuzungumza na wajane.

Watawala wa kale waliifahamu hatari hiyo. Khalifa Umar bin Khattab, aliyekuwa na magavana tangu Misri hadi Iraki, alikuwa na desturi ya kumtuma sahaba Muhammad bin Maslama kwenda kuchunguza malalamiko ya raia mahali penyewe, na msimu wa Hija aliutumia kuwasikia watu wa majimbo mbele ya magavana wao. Sisi tunayo njia ya namna hiyo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kwani mkutano mkuu wa kijiji unapasa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa halmashauri aliye mbali na halmashauri, husimama hapo kusoma mapato na matumizi mbele ya wale anaowahudumia. Mkurugenzi mwenye hekima huusoma muhtasari wa mkutano huo kwa makini kuliko anavyoisoma ripoti ya mtendaji.

Juu ya makundi ya WhatsApp nitasema machache. Yamesaidia mno, na mganga wa Nyakahura leo huweza kuuliza juu ya dawa na kujibiwa kabla mgonjwa hajainuka kitini. Lakini kundi ambalo kazi yake ni kutoa amri ya saa tatu usiku kwamba takwimu zifike kabla ya saa mbili asubuhi, na ambalo mtumishi hutajwa humo kwa jina na kuaibishwa mbele ya wenzake sabini, limeongeza haraka tu, na woga umezidi nao.

Ziara, kwa upande mwingine, zastahili maneno mengi zaidi. Idara ya afya huuita mpango wake usimamizi shirikishi, na jina hilo ni zuri: timu ya wilaya haiendi kukamata, yaenda kukaa, kutazama rejista, kumwona muuguzi akimhudumia mama, na kusahihisha papo hapo. Desturi ya ukaguzi wa zamani bado hai, hata hivyo, na ziara nyingi huanza kwa kitabu cha wageni na huishia katika kitabu cha wageni, gari likawahi vituo vitatu vingine kabla ya giza ili posho ya siku itimie. Mfano wa ziara ya kweli katika nchi hizi niuonao kuwa mkubwa kuliko yote ni wa Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi mwaka 1996. Yeye alihamia na kuishi pamoja na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akalima nao, na akawa miongoni mwa waliozipigania jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa shabaha yao katika mkutano wa Nairobi wa mwaka 1976. Tazama mpango wa kazi uliotokana na fikira hiyo: padri hawezi kufika kila kigango kila Jumapili, kwa hiyo katekista huongoza ibada, hufundisha, huzika, na nyuma yake iko jumuiya ya majirani imjuayo, imsaidiayo na imkosoayo. Mwoleka hakuweza kuishi katika kila kijiji cha jimbo lake, na sidhani kwamba kila mkurugenzi anapaswa kuhamia Keza au Kaniha. Lakini aliyeishi mahali pamoja kwa ukamilifu huzisoma taarifa za mahali pengine kwa akili nyingine, maana anajua kilichoachwa nje ya mistari.

Ikiwa haya niliyoyasema yana ukweli, basi liko jambo ambalo halmashauri za Ngara na Biharamulo zaweza kulitenda bila ya kungoja mradi wala mfadhili. Katika kitabu cha usimamizi kilichopo kila zahanati, na katika kila shule, kuna nafasi ya kuandika upungufu ulioonekana na nafasi ya kuandika agizo alilopewa mtumishi. Iongezwe nafasi ya tatu, ya jambo ambalo mtumishi ameliomba kwa mkubwa, na ya nne, ya tarehe aliyojibiwa na jina la aliyejibu, hata jibu likiwa ni kwamba fedha hazipo mwaka huu. Ukurasa huo usomwe mbele ya kamati ya kituo au kamati ya shule kila robo ya mwaka, na nakala yake iende kwa mkurugenzi; na wakati wa kuwapima wakuu wa idara ukifika, wapimwe nao kwa nafasi ile ya nne.